Bibi Akikata Simu

"Vaa shati basi, mama anapiga sasa hivi!"

"Navaa. Kwani pete iko wapi?"

"Pale pale unapoiacha. Kwenye kopo la chai."

Dereva wa mikate akafungua kopo, akaipuliza pete vumbi la majani, akaivaa. Mkewe, Mama Kifaranga, alikuwa anamfunga vifungo mtoto mdogo, yule waliyemwita Bosi kwa kuwa alianza kuamrisha watu kabla hajaanza kutembea. Hakumtazama mumewe. Angemtazama angelia, na leo sikukuu, machozi hayatakiwi mbele ya kamera.

Nguo za wote wanne, wazazi, Bosi na dada yake Kifaranga, zilikuwa za kitambaa kimoja cha bluu. Bibi, mama mzazi wa dereva, ndiye aliyezishonesha huko nyumbani akazituma ng'ambo. Kila sikukuu wanakaa kwenye kochi, simu inaegemezwa kwenye chupa ya chai, bibi anawatazama mpaka roho yake inatulia. Asichojua ni kwamba mwanawe haishi tena nyumba hii. Alihama tangu mwaka jana, kapanga chumba karibu na kiwanda cha mikate. Daktari wa bibi alisema asishtuliwe, moyo wake hauko sawa, basi wakakubaliana kuficha.

Watu wangedhani kuna mwanamke mwingine. Laiti angekuwepo, Mama Kifaranga angepata wa kumchukia. Ugenini hakuna shangazi wala mama mdogo wa kumwachia mtoto, kwa hiyo waligawana: yeye akafua mashuka ya hospitali mchana, mumewe akasambaza mikate usiku. Walionana mlangoni tu. Amekula? Amekula. Ana homa kidogo. Haya. Mtoto anatoka mikono hii anaingia mikono ile. Mapenzi yakafia hapo hapo mlangoni, hadi siku moja wakagombana kwa chupa ya maziwa isiyooshwa, mume akabeba begi.

Simu ikaita.

"Mkono," Mama Kifaranga alinong'ona.

"Uwe wapi?"

"Begani kwangu. Pale pa sikukuu iliyopita."

Mkono ukaja. Ulikuwa wa moto, unanukia hamira, na yeye akajichukia kwa jinsi alivyoukumbuka.

"Jamani wajukuu zangu!"

"Mama, shusha simu kidogo, tunaona paji la uso tu," dereva alisema.

"Nyamaza wewe, umekonda. Mama Kifaranga, mume wako humlishi?"

"Anakula, mama. Anakula sana," alijibu, akacheka kicheko cha kuazima.

Bosi akalamba kioo cha simu. Bibi akafurahi kama amebusiwa yeye mwenyewe.

"Na wewe Kifaranga, dada mkubwa? Bibi akupe zawadi gani ya sikukuu?"

Kifaranga alikuwa na miaka mitano na hakuwa mtoto wa maneno mengi. Akafikiri.

"Bibi, naomba upige na kesho."

"Kesho? Kesho kuna nini?"

"Ukipiga simu, baba anavaa pete anakaa hapa. Ukikata, anaondoka."

Mkono ukaganda begani.

"Utani huo, mama," dereva aliwahi. "Si unawajua watoto..."

"Mtoto huyo hana utani. Mama Kifaranga, niambie wewe."

"Tulitengana, mama," alisema. "Mwaka jana. Daktari alisema usishtuliwe."

Wakamwona bibi anajifuta macho kwa upindo wa nguo.

"Moyo wangu mgonjwa, sio mjinga. Mwaka mzima nawaombea, kumbe naombea picha."

"Tusamehe, mama."

"Nitawasamehe baadaye. Sasa sikati simu. Umesikia, Kifaranga? Bibi hakati. Nyie wawili nendeni jikoni mkaongee. Watoto ninao mimi."

Jikoni walisimama kila mtu na upande wake. Hawakujua waweke wapi mikono. Tangu Kifaranga azaliwe, hawakuwahi kusimama pamoja bila mmoja wao kubeba mtoto.

"Nimepata kazi mji mwingine," dereva alisema. "Nilitaka nikwambie baada ya simu."

"Mbali?"

"Mbali."

"Na shati atavaa nani sikukuu ijayo?"

Sebuleni bibi alikuwa anaimba wimbo wa kuku na vifaranga wake, Bosi anapiga makofi.

"Siku ile nimesimama na begi mlangoni," dereva alisema, "nilisubiri uniambie nikae. Ukaniambia maziwa yameisha."

"Bosi alikuwa analia njaa!"

"Najua. Nikaenda nikayanunua."

"Niliyakuta nje ya mlango." Mama Kifaranga akashika ukingo wa sinki. "Nilidhani utagonga."

"Nilikaa pale. Nilidhani utafungua."

Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakukuwa na kamera.

"Nakupenda, baba watoto. Sijawahi kuacha. Nilichoka tu, nikakosa hata nguvu ya kukwambia."

"Na mimi nilichoka, nikadhani nimeacha kupenda."

Akalia mwanamume yule, bila kujificha. Mkewe akamsogelea. Wimbo sebuleni ukakatika katikati, mtandao umeshafanya yake.

Kifaranga akaingia jikoni. Mkono mmoja viatu vya baba yake, mkono mwingine kopo la chai, kifuniko kimeshafunguliwa. Hakulia. Alishazoea.

"Bibi amekatika," alisema. "Weka pete, baba."

Dereva akapiga magoti. "Leo siivui."

"Unaondoka?"

"Naenda kazini. Nitakuja Jumatano."

"Jumatano ni sikukuu?"

"Hapana, mwanangu. Ni Jumatano tu."

"Usiahidi mbele ya mtoto kama huna hakika," mkewe alisema. "Na ile kazi?"

"Nitawapigia niwaambie siendi. Na naahidi mbele yake makusudi, ili nisipate pa kukimbilia."

Jumatano Mama Kifaranga hakumwambia mtu. Hakupanga nyumba wala hakubadili nguo za kazini, ili asipokuja, isijulikane kwamba alisubiriwa. Jioni kengele ikalia. Kifaranga ndiye aliyefungua.

Baba yake alisimama mlangoni na sare ya kiwandani, mkate kwapani, begi miguuni, pete kidoleni. Mtoto akamtazama mara moja, akageuka mbio hadi chumbani. Akarudi anaburuta shati la bluu na simu ya mama yake.

"Mama! Mama! Njoo kwenye kochi! Bibi anapiga!"

"Hapigi mtu, mwanangu."

"Sasa baba amekuja kufanya nini?"

Mama Kifaranga akamchukua mwanawe, akamkumbatia pamoja na shati lake.

"Amekuja nyumbani. Hapa ni kwake."

Kifaranga hakuamini. Alikaa katikati yao kwenye kochi, simu mapajani, akaizuia kwa mikono miwili mpaka usingizi ukamchukua, asije mtu akaikata.