Uzi wa Sauti

Kanisani Katangi, Kaluki ndiye aliyeanzisha nyimbo. Akitoa sauti, hata waliokuwa nje wakifunga punda walijua misa imeanza. Lakini mwaka huo wa 1997, rovu la shingoni mwake lilikuwa limefikia ukubwa wa ngumi. Akilala chali, pumzi zilimkatika. Akila ugali, tonge lilikwama.

"Daktari anataka kulitoa," alimwambia mumewe, Masila. "Nimekataa. Kuna mama wa Ndithini alipasuliwa rovu huko alikoenda, akarudi akinong'ona. Mpaka leo ananong'ona."

Masila alikuwa na bucha sokoni, na alipenda kuthibitisha mambo. Kesho yake alimwita mkewe, akaweka shingo ya mbuzi mezani, akaipasua kwa urefu.

"Jionee, Mama Mumbua. Bomba la hewa, njia ya chakula, mishipa ya damu, nyama. Sauti ya kukatwa iko wapi hapo?"

Kaluki aliinama akatazama. Hakuona kitu. Moyo ulianza kutulia.

Nyuma yao mtu alicheka. Alikuwa jirani yao Syombua, muuguzi wa chumba cha upasuaji mjini Machakos, aliyekuja kununua matumbo.

"Baba Mumbua, siku hizi umekuwa profesa?"

"Nimefungua shingo nyingi kuliko huyo daktari wenu."

"Kweli. Lakini zote ulizichinja kwanza. Kuna nyuzi mbili, nyembamba kama za kushonea, mmoja kila upande wa bomba la hewa. Ndizo zinazoiamrisha sauti. Kisu chako kinapita papo hapo. Kinachobaki unadhani ni utando, unamtupia mbwa."

Masila alifuta kisu chake, ingawa alikuwa ameshakifuta.

"Kwa hivyo uzi upo," Kaluki alisema polepole. "Na daktari alijifunzia wapi kuuona? Kwa wagonjwa kama mimi?"

"Kwa maiti."

Mteja mmoja aligeuka. Syombua hakupunguza sauti.

"Chuoni, kabla ya kupewa mgonjwa, mwanafunzi wa udaktari anachambua mwili wa mtu aliyekufa. Anaanza na ngozi, anaingia ndani pole pole. Hana haraka. Damu haimzibii macho. Akikosea, hakuna anayeumia. Hapo anaona uzi unapita wapi. Tena anaona kwamba watu hawafanani. Kwa wengi, uzi wa kulia hushuka, huzunguka mshipa wa damu, kisha hupanda. Kwa wachache haushuki. Unakuja moja kwa moja kutoka kando ya shingo. Asiyejua hilo anaweza kuukata."

"Na hao maiti ni wa nani?" Masila aliuliza. "Mnaokota tu?"

"Wengine hawana jamaa aliyekuja kuwachukua, na sheria inaruhusu. Wengine walitoa idhini wakiwa hai."

"Mimi siwezi."

"Hakuna aliyekuomba."

Kaluki hakucheka. "Sasa hatari imeisha?"

"Haijaisha. Imepungua sana. Muulize daktari swali moja: atautafuta uzi kwanza, au ataanza tu kukata?"

Wiki hiyo Kaluki alikwenda Machakos akauliza. Daktari Kitheka hakuudhika. Alichora shingo kwenye karatasi na kuonyesha kwa kalamu.

"Nitautafuta pande zote mbili. Mahali ambapo sijauona, sikati."

Kaluki alikubali.

Alipoamka baada ya upasuaji, shingo ilikuwa na bandeji na koo lilimwasha. Alifumba mdomo, akiogopa kujaribu.

"Sauti ikikwaruza kidogo usishtuke," daktari alimwambia. "Ni mpira uliokuwa kooni ukikusaidia kupumua. Itapita. Nyuzi zote mbili nimeziona, na ni nzima. Ita mtu."

Masila alikuwa mwisho wa wodi, dirishani, amewapa mgongo.

"Baba Mumbua."

Masila aligeuka. Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni naye akageuka. Kaluki alijisikia akicheka, na kicheko pia kilikuwa na sauti.

"Ni yeye," Masila alimwambia daktari. "Hivyo ndivyo anavyoniita nikichelewa."

Alikuja akaketi kando ya kitanda. Kaluki alivuta pumzi ndefu, ambayo haikukwama popote.

"Nikipona tutaomba misa," alisema. "Ya yule marehemu aliyemfundisha daktari."

"Hatujui jina lake."

"Padre atasoma hivyo hivyo, bila jina."

Masila alifikiri kidogo. "Sawa," alisema. "Mbuzi nitatoa mimi."