Pembe Mbili za Bati Jembamba

Kama kulikuwa na kitu kimoja ambacho Émérence alikuwa amekichoka, kilikuwa pembe za masanduku. Kila siku alipotoka shule, kabla hajamaliza ugali wake, sauti ya mama yake ilitoka uani: "Émérence! Pembe!" Hakuulizwa amesoma nini wala kama anaumwa na kichwa. Ni pembe tu.

Émérence alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake, Mama Adrienne, alitengeneza masanduku ya mbao nyumbani kwao, karibu na stesheni ya Kalemie. Kazi hiyo alifundishwa na marehemu baba yake, na hakuna mtu mtaani aliyeshangaa tena kumwona mwanamke mwenye randa mkononi na misumari mdomoni. Miaka ile nchi ilikuwa ikiitwa Zaire. Watu walisafiri kwa treni kwenda Kabalo na Kongolo, na kila msafiri alitaka sanduku imara, kwa sababu mizigo iliburutwa, ikarushwa na kurundikwa mpaka kwenye dari la behewa.

Mbao peke yake hazikutosha. Sanduku likigongwa, huanza kuachia kwenye pembe. Ndiyo maana Mama Adrienne alivika kila pembe kipande cha bati nene lililokatwa kutoka kwenye pipa la mafuta, likakunjwa ili lishike mbao tatu kwa pamoja. Sanduku moja lilihitaji pembe nane. Kuzitengeneza ilikuwa kazi ya Émérence. Alikata bati kwa mkasi mkubwa mpaka kiganja kikawaka moto. Alilikunja kwa nyundo juu ya kipande cha reli ya zamani, akalainisha kingo kwa tupa zisije zikakata watu, akatoboa matundu sita na kupaka rangi nyeusi. Halafu alianza nyingine.

Jumanne moja, Mama Adrienne alikuwa na haraka kuliko siku zote. Mama Pascasie, mshonaji wa mtaa wao, alikuwa anahamia Kongolo kwa mume wake, na Jumapili angepanda treni. Sanduku lake lingebeba cherehani, ile ya kuzungusha kwa mkono, iliyokuwa imemlishia watoto wake wanne.

"Ninakwenda bandarini kutafuta mbao," alisema Mama Adrienne. "Pembe sita ziko tayari. Tengeneza mbili zilizobaki, kisha uzipigilie zote. Unanisikia?"

"Mama, leo saa nane tuna mazoezi ya animasyo."

Animasyo ndivyo watu walivyoziita nyimbo na michezo ya kuwapokea wakubwa. Wageni walikuwa wanatarajiwa kutoka Lubumbashi, na mwalimu alikuwa amesema kwamba wasichana watakaowahi ndio watakaopangwa mstari wa mbele.

"Animasyo! Kila siku animasyo! Wakubwa hao watakaa juu ya sanduku lako? Maliza pembe, ndipo uende."

Mama yake akaondoka. Émérence akatazama bati la pipa, akatazama mkasi, akatazama kivuli cha nyumba kilivyokuwa kimesogea. Kando ya ukuta palikuwa na kopo kubwa la mafuta ya kupikia, tupu. Bati lake lilikuwa jembamba. Alilikata kama anayekata karatasi. Kwa dakika chache pembe mbili zilikuwa tayari, bila kupigwa tupa hata kidogo. Alizipaka rangi nyeusi, akazipigilia upande wa chini, nyuma, mahali ambapo hakuna mtu angeangalia. Kisha akakimbia shuleni, akachelewa hivyo hivyo, akapangwa mstari wa tatu nyuma ya msichana mrefu kuliko wote darasani.

Jioni mama yake aliuliza, "Zote nane?"

"Zote nane, Mama."

"Za bati la pipa?"

"Ndiyo, Mama."

Mama Adrienne aligonga pembe za juu kwa nyundo, akatikisa kichwa kukubali, akamwita Mama Pascasie aje kulichukua. Émérence alijiambia kwamba bati ni bati.

Jumapili baada ya misa, nusu ya mtaa ilikwenda stesheni kumsindikiza Mama Pascasie. Treni ilitakiwa kuondoka saa nne. Saa nne ikapita, ikafika saa tano, na kichwa cha treni kilikuwa bado hakijaunganishwa na mabehewa. Hakuna aliyejua kwa nini. Watoto walilia, kuku walipiga kelele ndani ya vikapu vyao, na shefu, yaani mkuu wa stesheni, mwanaume mfupi aliyevaa koti zito kwenye jua lile, alimjibu kila aliyemwuliza, "Mimi ndiye ninayeisukuma treni? Subiri!"

Mwishowe wachukuzi waliruhusiwa kupakia mizigo. Papa Apollinaire, mzee mwembamba mwenye namba kumi na nne ya shaba kifuani, kibali chake cha kazi, alileta sanduku la Mama Pascasie kwenye kigari chake. Kwenye mlango wa behewa aliinama, akashika upande wa nyuma, akainua.

Sauti ya bati likichanika ilisikika. Ubao wa chini ukaachia, na cherehani ikatoka kama jiwe, ikaanguka kwenye saruji. Papa Apollinaire alijaribu kuidaka. Bati lililochanika likapita kwenye mkono wake, likapasua shati na ngozi pamoja.

"Cherehani yangu!" Mama Pascasie alipiga magoti. Mkono wa chuma wa kuzungushia ulikuwa umepinda. Kitako chake cha mbao kilikuwa kimepasuka katikati.

Mama Adrienne alifika mbio. "Papa Apollinaire! Umefanya nini?"

"Mama, mimi nimeinua tu."

"Umeinua tu! Sanduku langu livunjike kwa kuinuliwa tu? Miaka tisa ninatengeneza masanduku, hakuna hata moja lililorudi! Umelirusha!"

"Sikulirusha, Mama Adrienne. Wote wameona."

Lakini hakuna aliyekuwa ameona. Wote walikuwa wanaangalia upande ambako kichwa cha treni kingetokea.

Émérence alisogea karibu. Akavuta kitenge cha mama yake. "Mama..."

"Wewe nyamaza, watu wazima wanasema."

Shefu wa stesheni alikuja akijifuta jasho. "Nini tena? Leo njo siku gani hii? Mchukuzi akivunja mzigo wa abiria, ninachukua namba yake. Sheria njo hiyo. Papa Apollinaire, lete namba."

"Papa shefu, nimebeba mizigo hapa miaka kumi na saba!"

"Na leo umevunja. Lete."

"Mama, ni kuhusu pembe..." Émérence alianza tena.

"Ndiyo, pembe! Sikia, hata mtoto anajua!" alisema Mama Adrienne akiwageukia watu. "Pembe zangu ni za bati la pipa! Pipa! Unaweza kuzipiga nyundo siku nzima!"

"Mama, sivyo, nisikilize..."

"Émérence, ukifungua mdomo tena utarudi nyumbani!"

Papa Apollinaire alikuwa ameanza kufungua pini ya namba yake. Vidole vilikuwa vinateleza kwa sababu ya damu, na pini haikufunguka. Shefu alinyoosha kiganja, akipigapiga kiatu chini kwa kukosa subira. Émérence aliona kwamba maneno hayatampatia nafasi. Akainama, akaokota pembe moja iliyong'oka, akaenda kusimama katikati ya mama yake na shefu. Akainua pembe ile juu. Kisha, kwa vidole viwili, akaikunja mara mbili kama bahasha.

Mama Adrienne aliisogelea.

"Hii si ya pipa," alisema Émérence. "Ni ya kopo la mafuta. Nilizitengeneza mimi Jumanne, mbili, nikapaka rangi ili Mama asijue. Nilitaka kuwahi mazoezi. Papa Apollinaire hajafanya kosa lolote."

Mama Adrienne alichukua kipande kile cha bati, akakigeuza. Upande wa ndani, ambao haukupakwa rangi, bado palionekana maandishi mekundu ya kiwanda cha mafuta.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukaniambia ndiyo."

"Nilikudanganya, Mama."

"Na mimi nimesimama hapa kupiga kelele mbele ya stesheni nzima!" Alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Mimi, ambaye nimegonga pembe za juu na nikaacha za chini kwa uvivu wa kugeuza sanduku!"

Shefu wa stesheni aliteremsha mkono wake. "Kwa hiyo namba ya mutu huyu ninachukua ama sichukui?"

"Huchukui!" walijibu watu wote kwa pamoja, na yeye akaonekana kuudhika zaidi kuliko mtu yeyote.

Mama Adrienne alimgeukia mchukuzi. Hakupunguza sauti. Alisema kwa sauti ile ile aliyomshtaki nayo, ili kila aliyesikia la kwanza asikie na la pili. "Papa Apollinaire, nimekusingizia. Hukurusha kitu. Kosa limetoka nyumbani kwangu. Nisamehe."

"Nimesikia, Mama," alisema mzee. "Lakini sasa tuache maneno, treni itatuacha. Cherehani hii itasafirije?"

Hapo kila mtu alipata kazi. Mama mmoja aliosha mkono wa Papa Apollinaire kwa maji na sabuni, akaufunga kwa kitambaa safi, akamwapisha apite dispensari siku hiyo hiyo kuchomwa sindano ya pepopunda. Mama Adrienne alichukua cherehani. Émérence alitumwa nyumbani, akarudi akitweta na mkasi, nyundo, tupa, misumari na kipande cha bati la pipa. Kipande cha reli cha kukunjia alikiacha, kwa kuwa hakibebeki. Kwa hiyo alipiga magoti kando ya njia ya treni, akaweka bati juu ya reli yenyewe.

"Si juu ya reli yangu!" alipiga kelele shefu.

"Papa shefu, kichwa chenyewe cha treni hakipo," alisema Papa Apollinaire.

Shefu alitazama njia tupu mbele ya mabehewa, akapuliza pumzi ndefu, akaelekeza kidole kwenye reli kuukuu yenye kutu iliyokuwa imeota majani. "Ile pale. Na haraka."

Émérence alikata, akakunja, akatoboa. Jua lilimchoma mgongoni. Alipofika kwenye tupa, alitamani kuishia hapo, maana mikono ilikuwa inamwuma. Akakumbuka shati lile lililopasuka. Akapiga tupa mpaka alipoweza kupitisha kidole kwenye ukingo wote bila kukwaruzwa. Mama yake alikuja kuchukua pembe ya kwanza. Alijaribu kuikunja kwa vidole, akashindwa. Akanyoosha mkono kupokea ya pili.

Wakati huo Mama Adrienne alikuwa amekwisha kunyoosha ule mkono wa cherehani kwa nyundo, kidogo kidogo, na kukaza kitako kilichopasuka kwa kipande cha ubao na misumari minne. Mama Pascasie, ambaye machozi yalikuwa bado hayajamkauka, alitia uzi. "Sipakii mpaka nione inashona," alisema. "Papa Apollinaire, vua shati."

"Hapa mbele ya watu?"

"Vua, Papa. Leo si siku ya kunibishia."

Mzee akavua, akabaki na fulana. Mama Pascasie akazungusha mkono. Cherehani ilikwama mara moja, ikakwama mara ya pili, kisha ikashika, ikaenda. Mshono ulikuwa umepinda kidogo mwanzoni, ukanyooka mbele. Watu wakapiga makofi, na wakati huo huo kichwa cha treni kikaja kikirudi kinyumenyume, bila mtu yeyote kueleza kilikuwa wapi.

Safari hii sanduku liliinuliwa, likaingia behewani zima. Kabla ya kupanda, Mama Pascasie alimshika Émérence bega. "Nimekukasirikia sana," alisema. "Nitakukasirikia mpaka Kabalo. Baada ya Kabalo tutaona."

Treni ilipoondoka, Émérence alimfuata Papa Apollinaire kwenye kigari chake. Alikuwa amepanga maneno mengi, yote yakampotea. "Nisamehe, Papa," ndiyo tu aliyoyapata.

Mzee aliketi kwenye ukingo wa kigari. "Mwanangu, bati jembamba nimeliona mara nyingi. Watoto wanachoka, hata wakubwa wanachoka. Kuchoka si dhambi. Ungemwambia mama yako Jumanne kwamba umechoka na hujamaliza, angepiga kelele, kisha angemaliza yeye. Kelele zingeisha. Lakini ulificha, na kitu ulichokificha kimekuja kumwangukia mtu mwingine ambaye hakujua lolote. Unaelewa?"

"Ninaelewa."

"Na jambo jingine. Wakati mama yako alipokuwa anakukataza kusema, ungeweza kutii tu. Kila mtu angesema mtoto huyu ana adabu. Mimi ningerudi nyumbani bila namba." Alikaza pini kifuani. "Siku nyingine usingoje mpaka damu itoke. Lakini usijifunze kunyamaza."

Mama Adrienne alikuwa amesimama nyuma yao, vifaa vimemjaa mikononi. Alisikiliza yote. Kisha akampa binti yake mkasi na nyundo avibebe.

"Sasa unampeleka Papa dispensari," alisema. "Unakaa naye mpaka achomwe sindano, hata foleni ikiwa ndefu. Na kesho unamwambia mwalimu wako kwamba utafika animasyo ukimaliza kazi yako. Akikasirika, mwambie aje anione mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukichoka," Mama Adrienne aliongeza, bado kwa hasira, ingawa sasa sauti ilikuwa imeshuka, "uniambie kwamba umechoka. Nitapiga kelele. Wewe niambie tu."