Ufunguo wa Pili wa Magurudumu ya Mwalimu

Naitwa Njue, nina umri wa miaka thelathini na minne, sina mke, na ninawaandikia kutoka chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yangu, Ishiara. Shule niliiachia darasa la saba. Si kwamba nilishindwa... ni miguu tu iliyokataa kutulia. Nimechuma majani chai Runyenjes, nimechoma makaa Siakago, nimepakia miraa Maua. Na kila nilipofika nilifungua kitu nione kilivyo ndani: redio, saa, pampu ya maji. Udadisi huo ndio ulionipa kazi, wasomaji wenzangu. Na ndio ulioniponza!

Miaka mitatu iliyopita nilitua Makutano, Meru. Fundi wa magari aitwaye Mugambi, rika langu kabisa, alinipokea katika gereji yake ya mabati. Tulikula sahani moja, tukalala chumba kimoja. Aliniita ndugu. Nami, mtu ambaye sijawahi kukaa mahali miaka miwili, nikaamini nimefika nyumbani.

Siku moja mwalimu mstaafu kutoka Kinoru aliingia gereji kwa miguu, ameshika kipande cha chuma kilichopasuka. Gari lake lilikuwa nyumbani na pancha. Kila gurudumu lilikuwa na nati moja isiyofanana na zingine, yenye nakshi kama ua, ili mwizi asiweze kuifungua. Nati hizo nne hufunguliwa kwa ufunguo wake maalum tu, na mtu alikuwa ameuvunja kwa kuikanyaga spana. Gari lilikuwa la mtumba kutoka Japani. Kadi yenye nambari ya kuagizia ufunguo mwingine haikuwepo. Mafundi wote walimwambia dawa ni nyundo.

"Rimu zangu zipigwe nyundo?" akauliza. "Heri nitembee mpaka nife!"

Nikaomba nijaribu, tukaenda kwake. Nilikandamiza nta laini kwenye ile nakshi, ikaganda, nikaibandua, kisha nikaanza kupiga tupa kipande cha ekseli kuukuu nikiifuatisha. Siku mbili nzima! Hata nikiitwa chakula sikusikia. Ufunguo wa kwanza niliujaribu Mwalimu akiwa hayupo; uliingia na kufungua, lakini jino lake moja lilikuwa refu kidogo, likaacha mkwaruzo ukingoni mwa nati. Nikaona aibu. Nikatengeneza wa pili, huo ukawa safi kabisa.

Mwalimu aliifungua nati kwa mkono wake mwenyewe akacheka kama mtoto. "Uliacha shule darasa la saba? Basi walimu wako walipata hasara!" Kisha akaniuliza, "Ni huu mmoja tu?"

"Ni huo tu, Mwalimu."

Kwa nini nilidanganya? Niliona aibu kuonyesha ule mbovu, basi. Lakini kuutupa nilishindwa. Ulikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu nilichoanza nikakimaliza! Niliutundika kwenye msumari juu ya kitanda changu, nikaufungia kipande cha mpira nilichoandika "Mwalimu, Kinoru". Mugambi alikuwa akiutazama akicheka, "Wengine hutundika picha ya msichana, wewe umetundika chuma."

Msichana nilikuwa naye pia. Kendi, binti wa Mwalimu, fundi wa nguo, ndiye aliyeniletea chai siku ile ya kufungua nati. Mwaka mmoja baadaye tulikubaliana kuoana. Kwetu Mbeere mambo hayaanzi hivyo, lakini Wameru hupeleka kwanza kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Baba wa msichana akikipokea, mlango umefunguka. Na lazima uwe na mtu wa kukusemea. Mimi Meru nilikuwa na nani? Mugambi akajitolea.

"Mimi ndiye mdomo wako," akasema. "Wewe kaa kimya kama bibi harusi."

Nikaenda Ishiara wiki nzima kumweleza mama. Nilirudi Jumamosi ya ziara yenyewe, Mugambi akanipokea steji na kitita mkononi. Tukaenda moja kwa moja.

Tukafika getini. Gari la Mwalimu lilikuwa limesimama juu ya mawe... halina hata gurudumu moja! Magurudumu yaliibiwa Jumapili, Mwalimu na Kendi wakiwa kanisani. Mwalimu alikuwa amemkataza Kendi kuniambia kwa simu. Akaniwekea kiganjani nati moja iliyoachwa na wezi.

"Wewe ndiye fundi. Niambie waliifungua vipi."

Nikaona mkwaruzo mpya, ungali unang'aa. Mkwaruzo wangu! Nikageuka kumtazama Mugambi... alikuwa akitazama kuku.

Ningeweza kusema sijui. Lakini mzee yule alikuwa akinitazama kama mwana. Nikasema, "Imefunguliwa na ufunguo wangu, Mwalimu. Ulikuwepo mwingine."

Kabla sijamtaja mtu, Mugambi akapaza sauti. "Njue, ndugu yangu! Hata baba mkwe wako? Na mimi nimekuja kukusemea!" Akamgeukia Mwalimu. "Ufunguo huo uko juu ya kitanda chake, una hadi jina lako. Na muulize kwa nini alisafiri wiki hii hii."

Nilipiga kelele kwamba ni yeye. Nani angenisikiza? Kendi alikuwa mlangoni na sinia ya chai. "Ulimwambia Baba ni huo tu," akasema polepole. "Mbele yangu."

Mwalimu hakufoka. Laiti angefoka! "Sisemi wewe ni mwizi," akasema. "Nasema gari langu lilikuwa na funguo mbili, na mimi niliujua mmoja." Akakitoa kile kitita mikononi mwa Mugambi, akaniwekea mimi. Majani hayakuwa yamefunguliwa.

Barabarani nilimkamata Mugambi shati. Kwa nini? Hakuona hata haya! "Wewe ni mtu wa kupita, buda. Leo Makutano, kesho Maua. Nilijua watasema ni wewe, na utahama tu kama kawaida yako. Ungeumia nini?"

Ningeumia nini!

Na kinachonichoma hadi leo ni kwamba nilifanya alivyosema. Nilihama jioni hiyo hiyo. Nilipouchukua ufunguo msumarini, mdomoni mwake mlikuwa na vumbi jipya la chuma.

Mwezi uliopita nilipiga moyo konde nikarudi Kinoru, nikamkabidhi Mwalimu ule ufunguo. Aliugeuzageuza. "Sasa ninao wote wawili," akasema. Akafunga geti taratibu. Ndani nilisikia cherehani ya Kendi ikishona. Haikusimama.

Wasomaji wenzangu, kama umeaminiwa kwa kitu cha mtu, usijiwekee nakala yake, hata kwa mapenzi, hata kwa kujivunia kazi yako. Na ukiulizwa kama ni kimoja tu, sema ukweli siku hiyo hiyo, kosa lingali dogo! Siku hizi natengeneza pampu na funguo hapa Ishiara. Kila ufunguo wa majaribio nausaga kwa tupa mwenye gari akiwa amesimama mbele yangu. Wengine huniuliza kwa nini nahangaika.

Naendelea kusaga mpaka meno yote yaishe.