Mshumaa wa Hyasinta

Vitalis anauza mapazia Kariakoo. Yeye na mkewe Hyasinta wamepanga chumba kimoja Buguruni. Kitanda, jiko la gesi na mabelo ya mapazia, vyote vimo humo humo.

Mama yake Hyasinta alifariki mwaka jana huko Mahenge. Aliacha picha moja tu. Hyasinta alitaka mahali pa kumwombea. Akaweka picha, msalaba na mshumaa juu ya belo. Nyuma ya msalaba akachomeka tawi la Jumapili ya Matawi, limekauka kabisa.

"Hyasinta, zima huo mshumaa," Vitalis alisema asubuhi moja, akivaa viatu.

"Padri ameubariki. Nipulize kama keki ya besdei? Utaisha wenyewe."

Vitalis akacheka, akaenda sokoni. Hyasinta akatoka kuchota maji.

Aliporudi, moshi ulikuwa unatoka dirishani. Jirani yao Shaibu alikuwa ndani, anaupiga moto kwa blanketi bichi. Chumba kilipona. Picha iliungua yote.

"Ningeuzima mwenyewe," Vitalis alisema jioni. "Nikabaki kucheka."

Hyasinta aliendelea kukusanya mabaki ya msalaba na tawi.

Kesho yake alikuja Jacqueline, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani.

"Mdogo wangu, nani alikwambia mshumaa uliobarikiwa hauzimwi?"

"Nilisikia tu, dada."

"Unazimwa. Sala ikiisha, puliza. Ukitoka, puliza. Mungu hakasiriki. Na matawi makavu rudisha parokiani kabla ya Kwaresima. Ndiyo yanayochomwa tupate majivu ya Jumatano ya Majivu."

"Na haya yaliyoungua, nitupe?"

"Kitu kilichobarikiwa hakitupwi jalalani. Tutakifukia."

Wakafukia mabaki nyuma ya nyumba. Kisha Vitalis akapigilia msalaba mpya ukutani, mbali na jiko na mapazia. Chini yake wakaweka kimeza, kitambaa safi na Biblia. Mshumaa ukasimama ndani ya kopo lenye mchanga.

"Inatosha," Jacqueline alisema. "Msitafute makubwa."

Sasa wanasali pale kila jioni bila hofu. Jumamosi jumuiya nzima ilikuja, watu wakabanana mpaka mlangoni. Walimwombea marehemu. Sala ilipoisha, Hyasinta akapuliza mshumaa.

"Tusimulie," Jacqueline alisema. "Mama alikuwaje?"

"Alikuwa na mwanya," Hyasinta alisema. "Na kovu dogo, juu ya jicho la kulia."

Akasita.

"Au la kushoto. Ningeangalia kwenye picha."