Bodi Kubwa na Sauti ya Nyanya

"Shika tochi vizuri, mwaitu. Usiitikise," Mulei alisema, huku akikagua bodi kwa ncha ya bisibisi.

Nthenya alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alipewa jina la mama mzazi wa Mulei, baba yake, ndiyo maana Mulei alimwita mwaitu, yaani mama yangu. Nyanya mwenyewe alizikwa mwezi wa Mei mwaka huo wa 1998. Sauti yake ilibaki katika ukanda mmoja tu wa video, nao ulikuwa umeanza kuchakaa, hivyo Mulei alitaka kuunda kompyuta ya kuunakili.

Kwenye meza ya studio yao mjini Wote kulikuwa na bodi mama mbili. Sehemu nyingine zote za kompyuta hushikamana na bodi kama hiyo. Hassan, muuzaji wa vifaa, alikuwa amewaachia zote mbili wachague moja. Ile ndogo ilikuwa na nafasi chache za kuchomekea vifaa, hivyo ingepokea video vipande vifupi vifupi. Kubwa ingepokea ukanda mzima kwa mara moja, kabla haujakatika.

"Tutachukua hii kubwa," Mulei aliamua. "Ngoja nikanunue skrubu. Na ukitaka kuigusa?"

"Nivue sweta kwanza, kisha niguse chuma cha dirisha."

"Kwa nini?"

"Julai hewa ni kavu. Sweta huleta umeme mwilini, nao huua bodi."

Baba alipotoka, Nthenya alitamani kumfurahisha kwa kuiweka bodi ndani ya kasha la kompyuta. Akavua sweta haraka kupitia kichwani, likaalika ta-ta-ta. Akasahau chuma. Alipoishika bodi, cheche ndogo iliruka kidoleni pake. Aliigeuza huku na huku, akaiona nzima. Akairudisha mezani, akanyamaza.

Mulei aliporudi, aliiunganisha na kubonyeza swichi. Kimya. Akajaribu ile ndogo, ikawaka. Akairudia kubwa. Kimya.

Hassan alipoingia jioni, hakupewa hata kiti.

"Umeniletea maiti, Hassan."

"Maiti? Mimi mwenyewe niliiwasha jana dukani!"

"Basi uliwasha nyingine, ukaniletea hii."

"Unaniita mlaghai, Baba Nthenya? Mimi niliyeshika koleo kaburini kwa mama yako?"

Hassan akaanza kufunga bodi zake katika magazeti. Alilivuta gazeti moja kwa hasira, likachanika. Nthenya alishindwa kuvumilia.

"Ni mimi, baba," alisema. "Sikugusa chuma. Niliona cheche."

Mulei aliketi polepole.

"Nthenya," alisema.

Hakusema mwaitu. Jina Nthenya, aliloliandika binti huyo kila siku kwenye madaftari yake, leo lilisikika kama la mtoto wa jirani. Machozi yakamtiririka.

Mulei aliinuka. "Nisamehe, Hassan. Nimekuhukumu kabla ya kuuliza."

Hassan alishusha pumzi. "Yameisha. Fundi gani hajaua bodi? Yangu ya kwanza niliimwagia chai ya maziwa. Ila kubwa nyingine sina, ndugu yangu. Ilikuja hiyo moja."

Ikabaki ndogo. Mulei aligusa chuma cha dirisha, akamwashiria binti yake naye aguse. Wakaanza kuifunga kwenye kasha.

"Na ukanda ukikatika kabla hatujamaliza?" Nthenya aliuliza.

"Utakatika. Tutabaki na vipande tutakavyokuwa tumepata."

Nthenya aliinama. Baba yake aliweka bisibisi chini.

"Sikiliza. Kusahau ni ajali, hata mimi husahau. Lakini ulinyamaza, nami nikamtwika rafiki yangu kosa lisilo lake. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako."

"Nimesikia, baba."

Giza lilikuwa limeanza kuingia, na skrubu nne zilikuwa bado. Mulei alizitia kwenye kopo, akafunika kasha kwa leso ya marehemu ili vumbi lisiingie.

"Tuache hapa," alisema. "Kesho ukitoka shuleni, uje bila sweta, mwaitu."