Joto Lililomtisha Sabina

Sabina alikuwa fundi cherehani pale Kisesa. Alishona sare za shule kwenye baraza ya nyumba yake. Mumewe, Nestory, alinunua na kuuza ng'ombe minadani. Watoto wao walikuwa wamekua na kuhama, wakabaki wawili tu. Kwa miaka mingi walisikilizana vizuri.

Sabina alipofika miaka hamsini na moja, mambo yalibadilika. Hedhi yake ilianza kuruka miezi. Kisha likaja joto la ghafla. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni hadi usoni, na jasho likamtoka kama mtu anayelima juani. Muda si mrefu alisikia baridi. Asubuhi shuka zilikuwa zimelowa. Mchana alisahau vipimo vya wateja, na neno dogo tu lilimtia hasira au machozi. Tendo la ndoa nalo lilimuumiza, akawa anamkwepa mumewe.

Hakumwambia mtu. Moyoni alikuwa na neno moja, Ukimwi. Zamani alimuuguza dada yake mpaka akafariki, na aliyakumbuka yale majasho. Akaziwaza safari za mumewe, minada ya mbali na nyumba za wageni.

Nestory naye aliona shuka zikianikwa kila siku. Aliona mkewe anageukia ukutani. Hakugomba. Alibeba godoro, akahamia chumba cha watoto. "Nitalala huku," alisema. Sabina akajua kwamba naye anawaza lile lile.

Asubuhi moja ya mvua alikuja jirani yao, Moza, nesi wa kituo cha afya. Alifuata sketi ya binti yake. Alimkuta Sabina anajipepea kwa kipande cha kitambaa, uso umelowa.

"Mama Alexander, unaumwa?"

"Hapana. Ni joto tu."

"Joto, na mvua yote hii?"

Sabina akashindwa kujizuia, akalia. "Dada Moza, nadhani nimeathirika. Nitakufa kama dada yangu."

Moza alivuta kigoda akaketi karibu naye. "Hedhi uliipata lini mara ya mwisho?"

Swali hilo lilimshangaza Sabina. "Imepita miezi minne. Kabla ya hapo ilikuwa inaruka."

"Sikwambii kwamba huna virusi. Siwezi kujua kwa kukutazama, lazima upime. Lakini haya unayoyasema huwapata wanawake wengi wa umri wako. Mwili una vichocheo vinavyoitwa homoni. Umri ukifika, homoni za uzazi hupungua na hedhi hukoma. Ndipo huja joto, jasho, kukosa usingizi, hasira. Uke nao huwa mkavu, ndiyo maana unaumia. Hujarogwa, na hujamkosea mtu."

"Mbona mama yangu hakuniambia?"

"Hata wangu hakuniambia. Nenda ukapime, na mzee aende pia."

Jioni Sabina alimwandalia mumewe chakula, akaketi mbele yake. "Baba Alexander, naomba tukapime. Wote wawili."

Nestory aliacha kula. "Nilikuwa naogopa kukwambia hivyo hivyo," alisema. "Nilidhani umeupata mahali."

"Na mimi nilidhani umeniletea wewe."

Kesho yake walikwenda pamoja kituo cha afya.

Walipopima, wote wawili hawakuwa na virusi. Nestory alivua kofia yake, akafuta macho nayo. Siku hiyo hiyo alirudisha godoro.

Moza alimshauri Sabina apunguze kahawa na pilipili, maana huamsha joto kwa baadhi ya watu. Avae nguo nyepesi za pamba. Atembee kwa miguu kila siku. Anywe maziwa, ale dagaa na mboga za majani, kwa sababu baada ya hedhi kukoma mifupa hudhoofika. Sabina alifuata yote. Alipata nafuu, ila joto bado lilimkatisha usingizi, na kazi ilikuwa inamshinda. Moza akampeleka kwa daktari wa wanawake huko Mwanza mjini. Nestory alikwenda nao.

Daktari alimpima Sabina shinikizo la damu na matiti. Akamuuliza kama amewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, ini, au damu kuganda miguuni, na kama hutokwa na damu bila mpangilio. Hakuwa na lolote kati ya hayo.

"Basi tiba ya homoni inakufaa," daktari alisema. "Kwa kuwa bado una kizazi, utatumia homoni za aina mbili. Moja itatuliza joto, nyingine italinda kizazi kisipate saratani."

"Haina madhara?" Nestory aliuliza.

"Inaweza kuleta, ila kwa wachache. Ndiyo maana tunapima kwanza, na atarudi tumwangalie. Mama, ukiona uvimbe kwenye titi, mguu mmoja ukivimba, kifua kikiuma, au damu usiyoitarajia, njoo upesi. Usimgawie jirani dawa hii, huenda ikamdhuru. Na haizuii mimba. Mpaka upite mwaka mzima bila hedhi, bado unaweza kushika."

Wiki zilipita. Joto lilipungua, usingizi ukarudi. Sabina alikata vitambaa bila kukosea vipimo. Yeye na mumewe wakaanza tena kuzungumza kama zamani.

Jioni moja walikuwa wakizungumza barazani. Nestory akasema polepole, "Mama yangu, alipofika umri huu, alikuwa akitoka kulala uani. Alisema ndani kunaungua. Baba alituambia ana pepo, tusimkaribie. Tukamwogopa. Alikula peke yake mpaka alipokufa."

Sabina alimshika mkono.

Nestory alichukua simu, akampigia dada yake anayeishi Busisi. Alikuwa mdogo wake kwa miaka michache tu, umri wake ukikaribiana na wa Sabina.

"Bernadeta, hujambo mdogo wangu? Wifi yako ana jambo la kukueleza. Ni jambo ambalo mama hakupata mtu wa kumweleza."

Akampa Sabina simu.