Ukungu Ukumbini

Joyeuse alimkanyaga mkono kabla hajamwona uso. Ilikuwa jioni ya watu kutoka kazini, kituo cha Kipling, huku ughaibuni, kimefurika, mvua ndiyo kwanza imekatika, na mwanamume mzima mwenye koti refu jeusi amelala kifudifudi penye mabasi, anapiga picha dimbwi la maji.

"Yesu! Pardon, papa! Umeanguka?"

"Apana, niko napiga filamu. Angalia namna taa inaingia ndani ya maji. Ni muzuri sana!"

Joyeuse aliangalia, akaona dimbwi. Alikuwa amevaa koti la njano na kujifunga kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, na miguu ilimuuma kwa kutwa nzima ya kuhudumia wazee. Lakini kile Kiswahili cha kwao Bukavu, Kongo, kilimchekesha, na macho ya yule kijana yalimfanya aliache basi lake liende.

"Jina lako nani, wewe wa kulala njiani?"

"Hyacinthe."

Basi la pili lilipofika, alikwisha kuelezwa yote. Hyacinthe alipakia mizigo ghalani huko Malton, lakini moyo wake ulikaa kwenye sinema za Kifaransa za miaka ya thelathini, zile nyeusi na nyeupe: ukungu bandarini, barabara ya mawe iliyolowa, taa moja dirishani, na mwanga mwembamba unaopita usoni ukaangaza macho tu.

"Zinaonyesha watu gani?"

"Watu kama siye. Dereva wa lori, fundi wa kiwandani, mwanajeshi aliyetoroka. Lakini wanawapiga taa kama wafalme."

"Na wapenzi? Wanaoana?"

"Apana. Mwanaume anakufa. Ao meli inaenda bila yeye."

"Na unalipa feza uone hiyo?"

Alimcheka, kisha Jumapili baada ya misa akaenda kuiona pamoja naye katika sinema ndogo mjini, akalia kuliko yeye. Tangu hapo simu hazikukoma.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, leo umelala chini wapi?"

Kiangazi kile Pulchérie, dada yake Joyeuse, akaolewa. Baba yao alikuwa Bukavu na alinyimwa viza. Sasa, kwa Wakongo wa mji huu, filamu ya harusi si ya maharusi, ni ya walio nyumbani. Wanajaa sebuleni kutwa, wanatazama nani amekuja, amevaa nini, amecheza namna gani. Joyeuse alimwambia Hyacinthe waziwazi.

"Papa akipenda filamu yako, amekupenda na wewe. Kisha utatuma wazee wako."

Basi Hyacinthe akaamua kupiga filamu bora ya maisha yake. Alileta mashine ya moshi. Alizima taa zote za ukumbi akabakisha moja, watu wakadhani umeme umeharibika, wakaendelea kucheza. Tena alipofika nyumbani akaondoa rangi zote kwenye filamu.

Papa alipokwisha kuitazama alipiga simu, familia nzima ikimsikiliza.

"Pulchérie, mtoto wangu, niliona macho yako. Yalikuwa mazuri. Lakini wewe mwenyewe ulikuwa wapi? Na tantine zako hawakuja?"

Wale tantine, mashangazi na mama wadogo walioshona vitenge sare vya kijani na dhahabu, walipiga kelele kwa pamoja. Kisha wakanyamaza, maana walisikia mzee analia.

Kesho yake Joyeuse alimfuata Hyacinthe Malton wakati wa chakula cha mchana.

"Papa amengoja hii harusi miaka yote, na wewe unamupa moshi!"

"Chérie, ile ni poésie, ni shairi..."

"Nani alikuomba poésie? Alitaka kuona watoto wake!"

Akageuka, akavuka barabara kwenda kituoni. Na Hyacinthe je? Alisimama mlangoni mwa ghala, kola ameiinua, machozi yanamlenga, akamtazama anavyoondoka, na kusema kweli aliona inapendeza. Mapenzi makubwa ya filamu zake huisha hivyohivyo. Wiki nzima hakupiga simu. Joyeuse, aliyekuwa akichungulia simu yake kila mara, aliamua kwamba hapendwi, na ikamuuma sana.

Aliyemzindua Hyacinthe ni Nicole, dada wa Kirundi aliyeendesha foklifti ya kuinulia mizigo pale ghalani.

"Ulimkimbilia?"

"Apana. Yameisha."

"Wale wa filamu zako walizuiwa na polisi, na vita, na kifo. Wewe nani amekuzuia?"

Hyacinthe alisimama. Akaacha chakula chake, akapiga simu kwa mwenye ukumbi, kisha kwa Joyeuse.

"Joyeuse."

"Ah. Nilifikiri meli imekuacha."

"Nimekosa. Nilikuwa najionea huruma tu. Minakupenda, na sitaki tuishe kama wale. Ambia tantine zako wavae tena vile vitenge, Jumamosi mchana, Papa awaone. Nimebembeleza mwenye ukumbi awashe taa zote."

Joyeuse alicheka huku analia.

"Sawa. Lakini ile picha ya macho ya dada usiifute. Ameiweka kwenye simu yake."

Jumamosi ukumbi uliwaka mpaka watu wakafinya macho. Pulchérie alirudi na gauni lake la harusi, ingawa zipu iligoma, maana ndoa ilikuwa imemkubali. Papa alikuwa hewani kwa video kutoka Bukavu. Hyacinthe alishika simu, akapita kwa kila mtu akimtaja jina, na tantine mmoja baada ya mwingine akajizungusha aonekane mbele na nyuma. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Na wewe unayeshika simu? Sauti nasikia, uso sioni."

Joyeuse aliichukua simu, akamgeuzia Hyacinthe, na kwa mara ya kwanza taa zote zikawa usoni pake yeye, na jasho likionekana.

"Papa, naitwa Hyacinthe. Ni mimi niliharibu ile filamu. Naomba unisamehe. Na naomba ruhusa, nitume wazee wangu."

Papa alisogeza uso karibu na simu yake.

"Joyeuse, ni huyu?"

"Ni huyu, Papa."

"Basi wazee wake waje. Lakini harusi yenu atapiga filamu mtu mwingine."

"Ndiyo, Papa!" alisema Hyacinthe, na vigelegele vikamfunika.